Fundi wa Mafaili Yaliyofungwa

Fundi kompyuta wa mlango wa pili, hapa mjini Malang, hamsalimu mteja kabla hajachomoa waya wa intaneti. "Nani kakutuma ufungue kila barua pepe?" hufoka, huku akisugua kidole gumba chenye sugu. Siku Mama Sulastri, mwalimu mstaafu, alipoleta kompyuta yake, kila faili lilikuwa limebadilishwa jina na kufungwa, na skrini ilidai fedha ili lifunguliwe. Humo mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe akiimba.

"Niwalipe, mwanangu?"

"Uwalipe wezi? Nakala iko wapi?"

"Kwenye diski."

"Uliyoiacha imechomekwa humohumo! Nayo imefungwa, mama!"

Akasonya. Aliyahamishia mafaili yale yaliyofungwa kwenye diski nyingine, akafuta kompyuta nzima na kuiwekea programu upya, huku akinung'unika mpaka mwisho. Nikadhani yameisha. Lakini kila Jumatatu, nikimpelekea kutoka kibandani kwangu bakuli lake la bakso, supu ya madonge ya nyama, nilimkuta akiijaribu diski ile kwa funguo mpya za kidijitali zinazotolewa bure na wataalamu mtandaoni, kisha anaitupia kabatini kwa hasira.

Mwezi wa kumi na nne tangu siku ile, mwanamume akasikika akiimba ng'ambo ya ukuta. Nikachungulia; wimbo ulitoka kwenye kompyuta. Fundi alikuwa kwenye simu, macho mekundu, anafoka: "Mama, njoo sasa hivi! Na uje na diski mbili za nakala, umesikia? Mbili!"