Mawe ya Wajane Mtoni Kochi

Nikisikia harufu ya chokaa mbichi, hata kwenye korido za chuo kikuu, narudi Koboko, ukingoni mwa mto Kochi, nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Kongo. Wajane wa askari walikuwa wakiwajengea ukumbusho waume zao, waliotekwa katika vita vya 1979 na kufa kwa kuhara damu kambini, mbali kusini. Hakuna aliyezikwa pale. Kila mjane alileta jiwe moja kutoka uani kwake, akaliosha mtoni, akalipaka chokaa, akalipanga juu ya mengine. Akishaliweka, msiba wake umekwisha.

Mimi sikutaka uishe. Baba hakuwa na kaburi wala barua. Kwangu alikuwa bado njiani.

Shahidi alikuwa mmoja, Sajini, aliyerudi kutoka kambi ile amekonda kama fimbo. Alisimama mbele ya mama, kofia mkononi.

“Mama ya Zubeda, bwana yako alikaa na ugonjwa siku nne tu. Alitaka maji. Kisha aliita jina ya huyu mutoto.”

Mama aliinama, akaanza kuosha jiwe letu. Mimi nililia huku nikijivuna: kati ya majina yote, baba alichagua langu.

Lakini sikuwa mtoto wa kutulia. Nikamfuata Sajini. Kwa mjane wa pili: siku nne, maji, jina la mtoto. Kwa wa tatu vilevile, ila huyo hakuwa na mtoto, basi mumewe alimwita mama yake.

Nikakimbia. “Mama, usiweke! Sajini iko nadanganya! Anasema maneno moja kwa watu wote!”

Wanawake wakaacha kuosha. Sajini akatazama maji.

“Huyu mutoto iko na mudomo kama redio,” mmoja alisema. Hakuna aliyecheka.

“Najua,” mama aliniambia taratibu. “Shika upande ule. Jiwe ni nzito.”

Tukaliweka.

Kwa miaka mingi nilimwona mama mwoga wa ukweli. Niliposoma, nikadai ushahidi wa kila kitu. Nilichelewa kukumbuka kwamba wajane wale walisimama wakiachana hatua mbili tu, na kila mmoja alisikia alichoambiwa mwenzake. Walikuwa wamechoka kungoja. Walitaka mtu aseme, mbele ya watu, kwamba imekwisha.

Watoto wengine waliyakubali maneno ya Sajini, wakaondoka mtoni wakiwa wameitwa na baba zao. Mimi sikuitwa.