Kibao Nilichokitia Mkobani

Hii aibu nimekaa nayo miezi miwili nikitafuta namna ya kuisimulia nionekane mtu mwenye akili. Sijaipata, kwa hivyo ichukueni hivyo ilivyo.

Rafiki yangu Achieng alikuwa amerudi Nakuru baada ya kukaa Kisumu miaka kumi na miwili. Zamani tuliuza mitumba pamoja, na siku tuliyofungua belo nzuri ya nguo tulipanda ngazi za hoteli moja ya Wachina pale mjini (ngazi ishirini na moja, nimezihesabu nikipanda na nikishuka), tukakaa meza ya mviringo kando ya dirisha, ile yenye kioo kinachozunguka katikati, tukaagiza samaki wa tangawizi. Sasa nikamwahidi meza ile ile, samaki yule yule, na kwamba Mama Lin, mwenye hoteli, atanikumbuka kwa jina.

"Wanja, wacha urongo," Achieng akasema. "Wateja wangapi wamepita hapo? Akikukumbuka nitakuita madam mwaka mzima."

Tukafika Jumamosi mchana. Ukuta ulikuwa na rangi mpya, lakini meza yetu ilikuwa pale pale, viti kumi na viwili, vyote vitupu. Juu yake kulikuwa na kibao kidogo cha kusema imeshikwa. Mimi ni mtu wa soko. Nikiona bei imeandikwa, najua hapo ndipo mazungumzo yanaanzia, na kibao nacho nikakichukulia hivyo hivyo. Nikakitia mkobani.

"Wakija tutahama," nikamwambia Achieng, tukaagiza samaki.

Wakaja. Watu kumi, nikawahesabu mara mbili, watano wamevaa kama watu wa harusi na watano wana matope ya Kuresoi kwenye viatu. Kabla sijainuka, mzee mmoja wa kofia akaninyooshea mkono: "Mama, poleni kwa kungoja." Sasa mtu akishakupa pole, utaanza vipi kumwambia hukuwa unamngoja yeye? Tukasalimiana meza nzima, mkono kwa mkono, halafu mama mmoja akasema tufunge macho tuombe. Maombi yalikuwa marefu, na ndani ya maombi hayo ndipo nilipoelewa nimekaa wapi.

Yalikuwa mazungumzo ya mahari. Kijana wa Lanet, msichana wa Kuresoi, na kwa sababu mvua ilikuwa imekula barabara ya kupandia Kuresoi, familia zilikubaliana kukutana katikati, mjini. Watu wa Lanet waliona mashangazi wawili wasiowajua, wakajua ni wa Kuresoi. Watu wa Kuresoi wakatuona, wakajua ni wa Lanet. Na siku kama hiyo nani atamuuliza mkwe, wewe ni nani?

"Tuhame," Achieng akaninong'oneza baada ya amina.

"Samaki wetu," nikamjibu. Alikuwa ameletwa wakati macho yamefungwa, akawekwa kwenye kioo, na mzee wa kofia tayari alikuwa amekizungusha kuelekea kwake.

Basi tukabaki, mimi nikifuata samaki kwa macho, na mazungumzo yakakwama. Mzee wa kofia, ambaye ni mjomba wa msichana, alitaka ng'ombe kumi. Baba ya kijana akasema sita, na hata hao sita hajui atawapitisha wapi, Lanet siku hizi ni nyumba tu kila mahali.

"Sita ni matusi," mzee akasema, akasukuma kiti nyuma. Msichana akainamisha kichwa, chozi likaangukia sahani. Kijana alikuwa ameshika kijiti kimoja cha kulia, amekivunja.

Mimi kimya kama hicho sokoni sikiwezi. Mdomo ukasema wenyewe: "Saba."

Lanet wakafurahi kwamba shangazi wa msichana ameshuka kutoka kumi. Kuresoi wakafurahi kwamba shangazi wa kijana amepanda kutoka sita. Mzee akarudisha kiti. Nikaona nisiache chuma kipoe.

"Au nane," nikasema, "lakini wawili wawe mitamba wenye mimba. Wewe baba utatoa nane. Na wewe mzee, mwaka ujao ukihesabu zizini utapata kumi."

Mzee akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena (nikampenda hapo hapo). Wakashikana mikono, akina mama wakapiga vigelegele, na kioo kikazunguka samaki akanifikia. Nilikuwa nimeinua kipande cha kwanza mzee aliposema, "Lakini huyu shangazi wenu mlimtoa wapi?"

"Wetu?" akauliza baba ya kijana. "Si ni wenu?"

Vichwa kumi vikanigeukia. Achieng akaanza kusoma maandishi ya chini ya kikombe. Na ndipo mlango wa jikoni ukafunguka, Mama Lin akatoka, nywele zimekuwa nyeupe, sauti ile ile.

"Nani amechukua kibao changu?" Akaniona. "Wanja! Ni wewe tu! Jamani, huyu alikuwa akinibishania bei ya samaki mpaka mume wangu anajificha jikoni!"

Nikafungua mkoba mbele ya familia mbili, nikatoa kibao, nikakiweka mezani.

Mzee wa kofia akakiokota, akakisoma. "Sasa makubaliano yamekufa ama yapo?"

"Yapo!" msichana akasema, haraka sana. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye mchuzi. Wakatukatalia kuhama. Achieng akazungusha kioo. "Nipitishie tangawizi, madam," akasema.

Nimeapa sitagusa tena kibao cha meza ya mtu, na nikisikia maombi yanaanza mahali nitasema jina langu kabla macho hayajafungwa. Kadi za harusi zimekuja mbili, kila upande unataka nikae kwao.

Juzi mzee wa Kuresoi alinipigia simu. Mtamba mmoja amezaa, ndama jike. Nikamuuliza wamempa jina gani.

Akakohoa. "Mama," akasema, "usikasirike, ni lako. Anaingilia mazizi ya watu."