Chungu cha Bugali wa Mirihi

Eliane alikuwa mwalimu wa mekanike katika shule moja ya ufundi mjini Uvira, na kwa muda mrefu swali moja lilimnyima utulivu. Mtu aliye safarini kwenda Mirihi, mahali ambapo unga ukimwagika hauanguki bali unaelea mpaka machoni, atasongaje bugali? Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imetangaza mashindano ya vyombo vya kuwapikia wanaanga bila kuwachosha. Eliane akabuni chungu kilichofungwa kote, chenye mfuko laini ndani na vigurudumu vya kuukanda. Unaingiza unga na maji ya moto kwa bomba, unazungusha mpini wake, basi.

Mwanzoni kilitoa mabonge matupu. Mumewe, Clovis, aliyala bila kunung'unika. Mfuko ukapasuka, Eliane akashona mwingine. Siku bugali ulipotoka laini, chungu kikiwa kimening'inizwa kichwa chini, aliketi sakafuni akacheka peke yake.

Ilibaki kuituma kampuni ile video ya chungu kikifanya kazi. Lakini juma hilo vita vilishuka bonde la Ruzizi. Watu waliokimbia kutoka Luvungi walipita na magodoro kichwani, umeme ukakatika, mtandao ukafa. Eliane alipanda mlimani akaelekeza simu upande wa Burundi, akitafuta rezo, mtandao wa huko. Video ilianza kwenda, ikakwama. Alirudia mpaka simu ikazima. Siku ya mwisho ya mashindano ikapita hivyo.

Mizinga ilipokaribia mji, yeye na Clovis walikimbilia ziwani. Eliane alikuwa amekifunga chungu mgongoni kwa kitenge. Mwenye boti akamzuia.

“Mama, iyi kitu iko muzito. Iache.”

“Nitaiweka ku mapaja. Minye sitachukua nafasi ya muntu.”

“Weye, angalia nyuma.”

Nyuma yake alisimama mwanamke na watoto wake, maji yamemfika magotini. Eliane akarudi ufukoni. Akakishusha chungu mchangani, akaenda kupanda boti. Boti ilipoondoka aliona watu wakikiruka kukimbilia maji, na mmoja akakikalia afunge kiatu.

Katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa huko Burundi, alipewa kazi ya kusonga bugali wa watu wengi, kwa mwiko mrefu kama kasia. Mabega yakawaka moto. Clovis akamletea kipande cha katoni na kalamu.

“Chora tena, Eliane.”

“Nimchorie nani?”

Hakuwa amekasirika, aliuliza kweli. Clovis akaweka katoni chini, akaushika mwiko pamoja naye, wakaendelea kusonga, maana foleni ya watoto ilikuwa ndefu.