Hasi Milioni Saba

Mwanaidi Uwesu alikuwa na digrii ya fizikia, deni la milioni kumi na mbili la mkopo wa chuo, na mchumba. Kati ya hivyo vitatu, ni mchumba tu aliyemtafuta yeye. Digrii na deni alivitafuta mwenyewe, tena kwa kupanga foleni.

Huu ulikuwa mwaka wa nne anajitolea kufundisha sekondari moja ya kata huko Zuzu. Kujitolea ni kazi yenye kila kitu isipokuwa mshahara. Wazazi wa wanafunzi walichanga wakampa laki moja kwa mwezi, ile miezi waliyokumbuka. Mchumba wake, Mudrick, alikuwa fundi umeme wa Makole mwenye cheti cha ufundi na wateja wasiokwisha, na alichokipata kwa wiki kilizidi cha Mwanaidi kwa mwezi. Alikuwa mpole, mcheshi, na Mwanaidi alimpenda hasa. Kitu alichokiogopa siku ya posa ni kimoja tu, wazee wasije wakamharibia.

Siku hiyo baba yake, Mzee Uwesu, Mrangi wa Kondoa aliyehamia Nzuguni kufuata biashara ya alizeti, alikaa sebuleni ndani ya kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Mwanaidi alikuwa chumba cha pili na shangazi yake, Kuluthumu, masikio yote kwenye pazia. Barua ya posa ilisomwa, dua ikaombwa, kisha mshenga wa akina Mudrick akauliza mahari.

"Binti mwenyewe ametaja milioni tano," alisema Mzee Uwesu.

Mwanaidi alimgeukia shangazi yake kwa mshangao. Mahari hutajwa na bibi harusi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. Lakini baba alikwisha kuipangia kazi ile milioni tano, kuezeka vyumba vya uani apangishe.

"Mbona nyingi, mzee mwenzangu?" aliuliza mshenga.

"Huyu ni msomi. Fizikia! Fizikia ndiyo iliyowapeleka watu mwezini."

"Na huko mwezini wanaajiri?"

Mshenga huyo, Mzee Khamisi, alikuwa karani wa mishahara kwa miaka thelathini, akastaafu bila kuacha kazi. Alitoa kikokotoo mfukoni. "Nasikia ana mkopo wa chuo. Milioni kumi na mbili, au nimedanganywa?"

"Ah, ule! Miaka minne hakuna aliyebisha hodi kuudai. Wameshasahau."

"Waliosahau ni ninyi. Haya, tuseme ameajiriwa ualimu, laki saba na sabini. Asilimia kumi na tano inakatwa. Nimewakata wengi kwa mkono huu huu." Akabonyeza. "Laki moja na elfu kumi na tano na mia tano, kila mwezi, miaka minane na miezi minane. Na hiyo ni akiajiriwa leo. Leo ni Jumapili."

Mzee Uwesu alijisogeza kitini.

"Sasa, tano toa kumi na mbili." Mzee Khamisi akakigeuza kikokotoo wote waone. "Hasi saba. Kwa haki, ninyi ndio mtupe milioni saba tumchukue."

"Basi iwe nne!"

"Hasi nane."

"Tatu na nusu, neno la mwisho!"

"Hasi nane na nusu."

Kila baba alipopunguza, ndivyo alivyozidi kudaiwa, na jambo hilo lilimchanganya kabisa.

Nyuma ya pazia Mwanaidi alianza kwa kucheka, kisha machozi yakamtoka, kisha hasira ikayakausha. Watoto sitini walimsubiri kila asubuhi awaeleze kwa nini radi huonekana kabla ya kusikika, na kwenye kikokotoo kile watoto hao hawakuwa na kitufe. Akasimama. Shangazi akamshika kanga, ikabaki mkononi mwake, Mwanaidi akaingia sebuleni.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia, wameduwaa.

"Mzee Khamisi, hesabu yako ni sahihi, ila umekosea nani anadaiwa. Lina jina langu na sahihi yangu. Halihamii kwa Mudrick wala halibaki kwa baba. Nitalilipa mimi. Na kwa kuwa mahari sijaulizwa, naitaja sasa. Laki moja na elfu kumi na tano na mia tano. Kesho nikalipe rejesho la kwanza, ajira itanikuta njiani."

"Mwanaidi!" baba yake alifoka.

Lakini shangazi Kuluthumu alishapiga kigelegele, na majirani wakakidaka uani. Hapo hakuna tena wa kurudisha maneno nyuma. Mzee Khamisi, kabla binti hajabadili nia, alifungua bahasha akamhesabia noti kumi na mbili za elfu kumi kumi. Kisha akamgeukia Mzee Uwesu na kumnyooshea kiganja.

"Nini tena?"

"Chenji, mzee mwenzangu. Elfu nne na mia tano."

Mzee Uwesu alimtazama binti yake, akamwona amekunja noti zake na wala hacheki. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akaanza kuhesabu.