Kaburi la Maman kwa Namba Tatu

Papa alifundisha jiometri shule ya sekondari, na hakuipenda ile mistari miwili ya x na y. Alisema hiyo ni ya watu wasio na shamba. Kwake, nukta iliyo ndani ya pembetatu ilitajwa kwa umbali wake kutoka kila upande: namba tatu. Mbili zinatosha, ya tatu ni shahidi. Kwetu Bukavu hata kiwanja cha kuku hakinunuliwi bila shahidi.

Maman alipofariki tulimzika Mudaka, katika shamba letu la pembe tatu. Papa akapima kwa hatua zake, akaandika kwenye daftari: barabara 12, kahawa 18, mtaro 30. Mimi nilimfuata na mwavuli. Kabla mwaka haujaisha naye akafariki, tukamzika mjini kwa sababu barabara haikupitika.

Tuliporudi Mudaka mwaka huu, msalaba wa mti ulikuwa umeoza na waliolima pale walikuwa wamepanda maharage kila mahali. Dada yangu alileta saruji ya kujengea kaburi. Hofu yake ilikuwa moja: kumjengea Maman mahali asipolala.

"Weye uko profesa," aliniambia. "Utuonyeshe."

Nikahesabu hatua 12 kutoka barabarani, 18 kutoka kwenye kahawa, nikasimama kwa majivuno. Kutoka hapo mpaka mtaroni nikapata kumi. Nikarudia. Kumi.

"Papa alikosea," nikasema.

"Papa hakukoseaka hesabu hata siku moja. Ni weye."

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji, nimekasirika. Ndipo nikakumbuka jambo ninalowafundisha wanafunzi kila mwaka: kinachoshika nukta ni uwiano, mbili kwa tatu kwa tano. Hatua iwe ndefu au fupi, nukta haihami. Nikatafuta kwa hatua zangu mahali penye uwiano huo: nane, kumi na mbili, ishirini. Shahidi akakubali. Jembe likagonga mawe tuliyoyapanga siku ya mazishi, na dada yangu akapiga magoti kwenye maharage, akalia.

Mimi nilibaki na hesabu. Hatua nane zangu zilikuwa kumi na mbili zake. Papa, ambaye utotoni ilibidi nikimbie ili nimfikie, siku ile alitembea kwa hatua za mgonjwa. Nami nilikuwa nyuma yake na mwavuli, nikikereka kwamba anatuchelewesha.