Mihogo ya Marehemu

Mume wangu alifariki miaka ile ya vita, nikaingia eda nikiwa na watoto watatu. Chakula kilikuwa cha mgao. Mavyaa yangu, mamake marehemu, ndiye aliyekwenda kupanga foleni dukani kwa Mhindi, Mji wa Kale, akarudi na unga wa mahindi wenye fukusi. Tegemeo letu lilikuwa mihogo nyuma ya nyumba, hapo Tononoka, aliyoipanda marehemu kwa mkono wake msimu uliotangulia. Nayo ilikuwa na ugonjwa: majani yamejikunja, yana mabaka ya manjano, na ukichimba wapata mizizi myembamba kama vidole.

Siku moja akaja bwana shamba wa serikali. Mjane wa eda haonani na mwanamume wa nje, basi nilikaa nyuma ya pazia, na mavyaa akawa kati yetu, akirudia kila neno ingawa sote twasikia.

"Mama, hii ing'olewe yote ichomwe," akasema yule bwana. "Ukibakia hata mti mmoja, utaambukiza mbegu mpya nitakayowaletea."

"Asema tung'oe," mavyaa akaniambia.

"Nimesikia, mama."

"Asema tuchome!" Akamgeukia. "Mchanga wa kaburi la mwanangu haujakauka, nawe waja na kiberiti? Wewe huna mama?"

"Ninaye. Nilimng'olea ya kwake pia. Alininunia mpaka mavuno."

Mavyaa akaligeukia pazia, akaniuliza, "Na wewe wasemaje?"

Kuitazama mihogo ile dirishani ndiyo iliyokuwa faraja yangu. Lakini kitinda mimba wangu alikuwa hachezi tena. Alilala mchana kutwa kwa njaa.

"Ing'oe, mama," nikasema.

Aling'oa, akachoma, ila mti mmoja ukutani akaufunika kwa makuti. Bwana shamba aliporudi na mbegu akauona. Hakumgombeza. Alisimama tu na mzigo begani, hautui. Mavyaa akaushika mti kwa mikono miwili, akasema "Bismillahi," akaung'oa. Nililia kimya nyuma ya pazia.

Tukapandiwa mbegu mpya, mvua zikanyesha. Eda ilipokwisha nilitoka uani, nikageuza majani moja moja kama mtu atafutaye chawa kichwani mwa mtoto. Yalikuwa kijani kitupu. Sikuamini, kesho yake nikayakagua tena.

Siku ya kuchimba, muhogo wa kwanza ulikuwa mnene kama mkono wangu. Tukaupika kwa tui la nazi.

"Mtamu," mavyaa akasema. "Lakini ule wake ulikuwa mtamu zaidi."

Haikuwa kweli, nami sikumbishia. Kitinda mimba akala, akasukuma sahani, akasema ameshiba, akatoka mbio kwenda kucheza. Kipande kimoja kilibaki pale. Nilikaa nakitazama, kwani tangu mgao uanze hakuna aliyewahi kubakisha chakula nyumbani kwangu.