Kamba ya Katungu

Sukari ilipomkaa Katungu, ilimla mwili hadi mapaja yakabaki ngozi, kisha ikaanza kumtia ukungu machoni. Béata, muuguzi wa zahanati ya Majengo, hakumficha: vidonge peke yake vimeshindwa, na sukari isiposhuka atapofuka.

"Mama, nyama ya mwili ndiyo inakulaka sukari. Yako imeisha. Ubebe bintu bizito, pole pole, itarudia."

Katungu alicheka. Mwanamke wa Kinande, mbeba mizigo tangu utoto, afundishwe kubeba! Alitoa kamba yake kuukuu ya ngozi, akajaza mawe meusi ya volkano kwenye gunia, akalifunga kwa kamba na kuipitisha kamba kwenye paji la uso, gunia likakaa mgongoni, akainuka.

Hajamaliza hata kuizunguka nyumba, akasikia kandambili zikiburuzwa nyuma yake. Aliyebeba kwa paji hageuki, kamba imemkaba shingo. Aliutupa mzigo, akatazama. Hakuna mtu.

Alijua ni nani. Mwaka vita vilipowafukuza Rutshuru, alitaka kumbeba mama yake mgongoni, mzee akakataa kabisa, atafuata kwa miguu. "Beba maharagi. Batoto batakula nini?" Basi akabeba gunia, akakimbia na wenzake, masikio yakiwa nyuma. Mlio wa kandambili ulimfuata njia nzima, akajua ni za mama, akamshukuru Mungu. Alipotua mzigo Goma na kugeuka, kandambili zile zilikuwa miguuni mwa bibi wa watu wengine. Mama yake hakuonekana tena, hata kaburi hana.

Aliyaacha mawe, kwa woga mtupu. Sukari ikapanda, na Béata akamgombeza kama mtoto: "Unapenda kupofuka?"

Dawa ya moto ni moto. Asubuhi moja alijitwika tena. Kandambili zikaja. Safari hii hakutupa kitu, alipunguza mwendo tu.

"Kuya pole pole, mama. Sitakimbia tena," alimwita aliye nyuma.

Tangu hapo alizunguka nyumba kila asubuhi, mawe yakiongezeka, mapaja yakijaa. Sukari ilishuka, ukungu ukapungua. Béata alipopima hakuamini, akaja mwenyewe kuona. Alimkuta chini ya gunia, akamfuata nyuma akicheka kwa furaha.

"Mama Katungu, uko na nguvu ya kijana! Juu ya nini unatembea pole pole vile?"

Katungu alisimama ghafla. Shingo haikugeuka, lakini machozi yalimtoka.

"Kuya huku mbele, mutoto wangu," alisema. "Usinifuate nyuma. Nitachanganya tena miguu ya mama."